Gari la Kuwashwa na Mlima

Vijana wangu mlioirithi shule yangu ya udereva, mmenisumbua niandike mambo ya kazi, nami nimekubali kwa sababu nikimwachia mtu mwingine ataandika uongo. Shule hii niliianzisha mwenyewe, kwa gari moja na mdomo wangu, na masomo niliishia darasa la nne. Kilichonitoa kazini si uzee, nywele mnaziona bado nyeusi. Ni goti la kushoto, goti la klachi. Daktari alisema limelika kama pedi za breki, nikamwambia huo ndio ugonjwa wa kwanza ninaouelewa. Habari za mishahara na vyeo hamtazipata humu. Cheo nilijipa, mshahara nilijilipa, basi.

Nilianza utingo kwenye lori la kahawa. Dereva wangu alikuwa Mzee Shabani wa Majengo, mtu wa mjini hasa: baba yake alitoka Tanga, mama yake Mpare, na yeye mwenyewe alizaliwa Moshi na kukijua Kichagga kuliko wengi wetu tuliozaliwa migombani. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitika marahaba, akanipa jiwe. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Lori likisimama mlimani niruke chini, niweke jiwe nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi.

"Usiangalie tairi," aliniambia. "Sikiliza injini. Ikishusha pumzi, wewe uwe umeshafika chini."

Mwaka mzima sikugusa usukani. Siku nilipougusa nilikuta najua kuendesha, maana masikio yalishajifunza na miguu ikafuata. Sisemi hivi kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli, na Mzee Shabani mwenyewe aliwahi kulikiri hilo mbele ya watu, ingawa baadaye alikana.

Alinifundisha kuondoka mlimani kwa kigogo cha mgomba. Alikata kipande cha urefu wa mkono, akakiweka nyuma ya tairi, akaniambia niondoke bila kukiponda. Mgomba ni laini, una maji, haufichi siri. Ukirudi nyuma hata kidogo unatoa sauti ya kupasuka na maji yanamwagika barabarani, watu wote wanaona. Nilipasua vigogo vingi. Ng'ombe wa jirani yake walinenepa mwaka ule. Nimewafundisha wanafunzi wangu wote kwa kigogo hicho hicho, na ninyi nasikia siku hizi mnatumia koni za plastiki. Sawa, lakini koni hailiwi na ng'ombe.

Kabla serikali haijafungua biashara na nje, gari kule juu lilikuwa la padri, la daktari au la chama cha kahawa. Ilipofunguliwa, magari ya mitumba yakaanza kuingia kutoka Japani, madogo madogo, mengine yana stika za Kijapani ambazo hakuna aliyejua zinasema nini. Mwalimu mmoja wa Bomang'ombe aliitunza ya kwake miaka yote akiamini ni baraka. Watu wakaanza kununua. Lakini nani aendeshe? Baba wa miaka hamsini na kitu hakubali kufokewa na mwalimu wa udereva huku majirani wanachungulia kwenye kahawa. Basi anamsukuma mtoto, kijana wa miaka kumi na minane aliyemaliza shule na hana kazi, na miguu inafika kwenye pedeli. Karibu kila gari la kwanza la ukoo kule mlimani liliendeshwa na mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa akikata majani ya ng'ombe.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Moshi mjini na Arusha yalikuwapo magari yaliyolala uani kwa sababu moja tu, stata imekufa. Stata wakati ule ilikuwa ghali, tena ukiipata. Mwenye gari amechoka kuomba kusukumwa kila asubuhi, majirani wamemchoka, anataka liondoke tu. Mimi nalichukua kwa bei ya kutupa, nalipandisha mlimani. Kwa nini? Kwa sababu Old Moshi hakuna tambarare hata ya kuanikia maharage. Unaegesha gari limetazama chini, unazuia tairi kwa jiwe. Asubuhi unatoa jiwe, unaingia, gia ya pili, klachi chini, gari linateleza lenyewe. Likishika mwendo unaachia klachi. Limewaka. Stata ya nini? Niliwaambia wazazi, "Mlima ndio stata, na mlima hauharibiki." Maneno hayo ni yangu. Mkimsikia mwingine anayatumia mjue ameyaiba.

Na niliweka dhamana ya mdomo, inayojulikana kuanzia Kiboriloni mpaka Sanya Juu: gari la Baltazari halikosi kuwaka. Hakuna aliyewahi kurudisha. Nilikuwa nachagua. Gari la kwanza la mtoto liwe na injini ndogo, liwe aina ambayo spea zake ziko Moshi na si za kuagiza, sakafu isiwe imeliwa na kutu chini ya zulia, na moshi wake uwe mweupe asubuhi kisha upotee. Ukiwa wa bluu, rudi nyumbani. Mwendo si sifa. Mtoto wa kwanza kwenye gari la kwanza anahitaji gari linalochelewa kumtii.

Natamani mngezisikia asubuhi za miaka ile. Kunapopambazuka, migomba bado inadondosha umande, magari yanashuka kimya, taa hafifu, unasikia tairi tu zikisaga changarawe. Halafu moja linakohoa kwenye kona ya kanisa. Jingine linakohoa pale mfereji unapokatiza barabara. Mimi nikiwa kitandani Kiboriloni nilijua nani kaamka. Huyu ni wa Mzee Proti, anaachia klachi mapema mno. Huyu wa kwa katekista, anaogopa, ataachia karibu na daraja. Mke wangu aliniambia, "Baba Neema, wengine wanasikiliza redio." Sasa kila gari lina stata, mtu anazungusha ufunguo mlangoni kwake, kelele, basi. Ni maendeleo, sikatai. Lakini asubuhi nalala macho wazi na sijui nani kaamka.

Bima ilikuwa ngumu kuliko gia. Nilichukua uwakala wa kampuni moja ya mjini, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Bima kubwa sikuwauzia kwa sababu ilikuwa karibu sawa na gari lenyewe, na mimi siuzi kamba yenye thamani kuliko mbuzi. Nilieleza bima ndogo. Mzee Proti alinikalisha chini na kunihoji kama hakimu.

"Hii inamlipa nani?"

"Yule atakayegongwa na kijana wako, Mzee."

"Namjua?"

"Bado hajagongwa."

"Kwa hiyo nalipia mtu nisiyemjua, kwa kosa ambalo halijafanyika."

"Ndiyo hivyo."

Akatafakari, akanywa mbege yake, pombe yetu ya ndizi. "Hata padri hajawahi kuniomba hivyo."

Lakini alilipa, nilipomwambia habari ya kihamba. Kihamba, kwa ninyi mliokulia mjini, ni shamba la nyumbani, ndipo ilipo migomba na kahawa na makaburi ya mababu. Niliwaambia wazazi wazi: mwanafunzi mwenye lena, leseni ya kujifunzia, anahesabika kwenye bima pale tu anapokaa mtu mwenye leseni kiti cha pembeni. Akiendesha peke yake, ile karatasi kwenye kioo ni pambo. Akigonga mtu siku hiyo, deni linapanda mlima kuja kuangalia kihamba. Hapo hakuna aliyebisha. Hili mwendelee kulisema hivi hivi kwa wazazi, kabla hamjagusa habari za gia.

Sasa niwaambie kesi iliyonishinda, halafu nikaishinda.

Klaudia alikuwa na miaka kumi na minane, anaishi Old Moshi juu kabisa na bibi yake mzaa baba, Bibi Anjelina. Baba yake alikwishafariki. Kahawa ilikuwa imeanguka bei, Bibi akaiacha ijiotee, akahamia kwenye ng'ombe wa maziwa. Maziwa yalitakiwa kwenye hoteli za chai Kiboriloni na mjini kila asubuhi. Akanunua kwangu kagari ka bluu, bila stata kama kawaida. Nusu ya fedha ilitoka kwa mwanawe mkubwa, Severini, aliyekuwa na kazi ya ofisini Dar es Salaam, na Severini aliitoa kwa sharti. Klaudia apate leseni kabla ya Krismasi. Asipopata, yeye akija sikukuu atarudi na gari hilo Dar. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kihamba, na mimi ndiye niliyeueneza ule woga mlima mzima, kwa hiyo sikuwa na la kumlaumu.

Kwa wakati huo maziwa yalishushwa na dereva wa kukodi, ambaye aliyanywa njiani kisha akalalamika kwamba ni mepesi.

Klaudia alikuwa na kipaji. Katika wote niliowafundisha, na ni wengi, sijaona mkono kama ule. Kigogo cha mgomba alikipasua mara mbili tu. Gari lilipoteleza alikuwa anainamisha kichwa kidogo kusikiliza, kisha anaachia klachi, na injini inashika bila kutikisa hata maziwa. Nilimwambia Bibi, "Huyu atapita huku amefumba macho." Niliwaambia na watu wengine, wengi.

Mtihani ulifanyikia mjini, kwenye kiwanja kilichonyooka kama meza. Tulishuka na gari lake, likiwa linanguruma tangu nyumbani. Aliendesha vizuri, akazunguka vigingi, akarudi nyuma sawasawa. Trafiki, mtu mpole wa kanda ya ziwa, akafurahi.

"Vizuri, binti. Zima gari, kisha uwashe, tumalize."

Klaudia akanitazama kwa mbali. Akazima. Akazungusha ufunguo, likalia tik. Akazungusha tena, tik. Trafiki akasubiri.

"Vipi?"

"Afande, huku kwenu hakuna mteremko," akasema Klaudia, kwa adabu kabisa.

Trafiki akatafuta maana ya maneno hayo, hakuipata. Akaandika ameshindwa. Tulilisukuma mbele ya madereva wote wa mjini.

Nikasema hilo ni kosa la gari, mara ya pili ataendesha gari la shule, lenye stata nzima. Sikufikiria zaidi. Siku ilipofika, akaingia, akazungusha ufunguo, injini ikawaka palepale. Na mkono wake, kwa mazoea, ukaweka gia ya pili, na mguu ukaachia klachi, kama gari lililokuwa likiteleza tangu kwa Bibi. Gari likaruka kama chura na kuzimika hatua moja kutoka kwenye viatu vya trafiki. Akawasha tena. Likaruka tena. Mara ya tatu trafiki alikuwa ameshapanda kwenye ukingo.

"Binti," akasema, "wewe unawasha gari lililokwisha kuwaka."

Akafeli mara ya pili, na Krismasi ilikuwa wiki iliyofuata. Tukapanda mpaka Kiboriloni. Hapo akauliza, "Mwalimu, Baba Mkubwa akilichukua, Bibi atauza ng'ombe?" Nikamwambia hatalichukua. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo.

Mnajua Krismasi yetu. Mlima unajaa, Wachagga wanarudi kutoka kila pembe, mbuzi wanaisha, na mambo yote ya ukoo yaliyosubiri mwaka mzima yanaamuliwa siku mbili. Niliitwa kwa Bibi Anjelina siku ya pili ya sikukuu. Ukoo umekaa uani, mbege inazunguka kwenye kata, Klaudia anagawa nyama. Kagari ka bluu kameegeshwa kametazama chini. Severini alikuwa na miwani na shati la mikono mirefu, akanisalimia vizuri.

"Baltazari, mama anasema wewe ndiye uliyemuuzia."

"Ni mimi."

"Na mtoto ameshindwa mara mbili."

"Mara mbili."

"Basi keshokutwa nalishusha Dar. Sharti ni sharti. Linawaka vizuri? Njiani halitanisumbua?"

Klaudia mkono ulisimama juu ya sinia. Bibi alikuwa anatazama chini, anachambua mchicha ambao ulikwisha kuchambuliwa. Wote walikuwa wanalijua jibu langu. Watoto wadogo walilijua. Mlima mzima ulilijua: gari la Baltazari halikosi kuwaka.

Na injini ile, vijana wangu, ilikuwa nzima kama jino la ndama. Niliichagua mwenyewe kati ya magari saba uani kwa Mhindi mmoja Arusha. Ingeenda Dar ikarudi ikaenda tena.

"Hilo?" nikasema. "Halifiki Mwanga."

"Kwa nini?"

"Injini imechoka. Liko hai kwa sababu ya mteremko. Ukiliingiza tambarare ya Same kwenye jua, litachemka, utalizima, na hutaliwasha tena. Utalivuta kwa lori mpaka Dar, na lori litakuwa ghali kuliko gari."

Severini akavua miwani.

"Kwa hiyo ulimuuzia mama yangu mkebe."

"Ndiyo."

"Ukijua?"

"Najua kila gari ninalouza."

Shangazi yao mmoja, Yustina, mwenye duka la nguo Bomang'ombe, ambaye nilimfundisha kuendesha mimi mwenyewe, akacheka mpaka kata ikamwagika. "Baba Neema, si ulisema mlima hauharibiki? Kumbe aliyeharibika ni wewe." Ua mzima ukacheka. Mzee mmoja akauliza kama mkebe wake alioununua kwangu nao urudishwe. Mimi nilikaa pale, mtu niliyejijenga kwa mdomo wangu, nikasikiliza mdomo wangu ukibomolewa, na nikanywa mbege waliyonipa.

"Na bado kuna hatari," akasema Severini. "Mkebe huo ukigonga mtu na mtoto hana leseni, watakuja hapa kwenye makaburi."

"Bima yake iko hai kama mwenye leseni atakaa pembeni," nikasema.

"Nani? Mama hana leseni. Yule wa kukodi anakunywa maziwa."

Severini akanitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta adhabu inayonitosha.

"Basi aliyeuza mkebe akae ndani ya mkebe. Kila asubuhi, mpaka mtoto apate leseni. Hulipwi. Ukikosa siku moja, mama ananipigia simu, nalichukua hata kwa kuuza chuma chakavu. Wazee mnasemaje?"

Wazee wakasema ni haki. Bibi Anjelina akanyanyua macho kutoka kwenye mchicha. "Aika, mbe," akasema, kwa sauti ya chini, na Severini akadhani anashukuriwa yeye.

Mwaka ule sikuuza gari hata moja Old Moshi. Mke wangu alisema, "Mwenye shule ya magari anapanda mlima kwa miguu kila alfajiri kama muuza mayai." Maana ilibidi nipande kwa miguu, pikipiki ningeiacha juu nikishuka na Klaudia. Nilitoka Kiboriloni giza halijaisha, ninafika kwa Bibi jasho linanipoa mgongoni, napewa bakuli la mtori wa ndizi, nakaa kiti cha pembeni, madumu ya maziwa nyuma.

Asubuhi ya kwanza Klaudia aliuliza, "Mwalimu, injini imechoka kweli?"

"Endesha."

Akatoa jiwe, tukateleza. Tukafika kona ya kanisa. Pale akaachia klachi, injini ikakohoa mara moja ikashika, ikapanda sauti safi bila hata mtikisiko. Akaisikiliza.

"Kwa kuchoka," akasema, "imechoka vizuri."

Hatukulizungumza tena.

Mmeniuliza mara nyingi kazi hii ilikuwa na nini hata nikaifanya miaka yote. Nimekuwa nikiwajibu mambo mengine. Ilikuwa na asubuhi zile. Kiti kilikuwa cha baridi mpaka kinauma. Kibo ilikuwa nyeupe kwenye kioo cha nyuma, chini taa za mji zinazimika moja moja, na gari linashuka bila sauti yoyote, unanusa maziwa ya moto na mvuke wake unafanya ukungu kwenye vioo. Sikuwa na la kufanya. Mwalimu wa udereva siku zote mguu wake uko juu ya breki isiyokuwapo, ninyi mnajua, lakini kwake mguu wangu ulilala. Aliuliza maswali. Baada ya Himo kuna nini? Same ni moto kweli? Bahari ina harufu? Nilimsimulia miaka ya lori na Mzee Shabani, na nikaongeza chumvi, na alijua naongeza akaniacha.

Aliyemponya ni Mzee Shabani. Siku moja tulimpitia Majengo, akakaa nyuma kati ya madumu, mzee sana wakati huo. Akamtazama Klaudia akiwasha gari la shule, tulilokuwa tumeliegesha kwenye kiwanja cha Njoro, na gari likiruka. Mimi nikaanza kumfokea gia, mzee akanigusa bega.

"Balta, huyu haogopi kuendesha. Anaogopa kimya. Kwao gari likizimika tambarare limekufa. Ndiyo maana mguu una haraka."

Basi hatukumfundisha kuwasha tena. Tulimfundisha kuzima. Kila siku baada ya maziwa tulikwenda kiwanjani, anazima gari la shule, tunakaa. Hakuna kugusa ufunguo. Tunakaa tu kwenye kile kimya, mbuzi wanapita, tunakula karanga, mpaka mabega yake yanashuka. Kisha ndipo anawasha, gia ikiwa huru, na mguu unasubiri. Nilikuwa na miaka mingi kazini na sikuwa nimeliona hilo. Nimewafundisha ninyi kama langu, na kwa kiasi ni langu, maana karanga zilikuwa wazo langu.

Masika ilipoanza alikwenda mara ya tatu. Trafiki yule yule, amesimama mbali kidogo. Akamwambia zima. Akazima. Akakaa, akatazama mbele, mpaka trafiki mwenyewe akaanza kuchezea kofia. Kisha akawasha, na gari likabaki limetulia mahali pake kama kuku anayeatamia. Akapita. Bibi alichinja. Severini alituma salamu kwamba sharti limetimia na gari libaki, na kwamba mimi nimefunguliwa.

Kesho yake niliamka saa ile ile. Miguu ndiyo iliyonipeleka, sikuiuliza. Nilifika juu mvua nyembamba inanyesha, Klaudia anafunga mlango wa nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hapana. Nimekuja tu."

"Si nina leseni?"

"Najua. Nilikuwepo."

Nikafungua mlango wa pembeni. Kwenye kiti kulikuwa na dumu la maziwa, jipya, limefungwa mkanda vizuri ili lisianguke kwenye kona. Bibi alikuwa ameongeza hoteli moja.

"Nilihamishie nyuma?" akauliza Klaudia. "Nikushushe mpaka Kiboriloni, Mwalimu. Mvua hii."

"Acha. Nyuma pamejaa, litamwagika. Nenda, watu wanasubiri chai."

Akasita kidogo, kisha akaingia. Gari likaanza kuteleza, likapita mbele yangu bila sauti, kichwa chake kimeinama upande, anasikiliza. Likapotea kwenye migomba. Nilisimama nikisubiri. Kule chini kwenye kona injini ikashika, haikuwahi, haikuchelewa, ikapanda sauti ile safi, ikaenda nayo mjini.

Bibi alitoka na kanga kichwani. "Baba Neema, hukuambiwa kwamba umefunguliwa?"

"Niliambiwa, Bibi."

"Injini ile inavyolia," akasema. "Kama ingekuwa juu yangu kuusema ukweli wake, ningeusema."

"Usiseme, Bibi."

"Sisemi."

Nikamuaga, nikashuka kwa miguu. Njiani nilipishana na watu wengi wa ukoo ule wakienda shambani, wakanisalimia, mmoja akaniuliza mkebe unaendeleaje. Nikamwambia bado unasukumasukuma siku.